Tarpey na Torpey

Pale kwetu Clare hapakuwa na kichwa ambacho Attracta Torpey hakupata kukiosha. Saluni yake ilikuwa karibu na kanisa, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Ila moyoni alikuwa na donda: ujanani Fintan Tarpey alitaka kumwoa, mama yake Fintan akakataa katakata.

"Torpey ni Tarpey walioshindwa kuandika jina lao," alisema bibi yule.

Fintan akaoa kwingine. Sasa mama kafa, mke kafa, kabaki na baa na dhihaka ileile.

Attracta aliposikia kuwa kipimo cha DNA kinaweza kuonyesha kama majina mawili yametoka shina moja, akaapa kuumaliza ubishi. Lakini alama ya DNA inayofuatana na jina la ukoo hupita kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu. Ikabidi amkamate kaka yake Malachy, mfugaji ng'ombe, akiwa na povu kichwani.

"Fungua mdomo."

"Nimekuja kunyolewa, dada, sikuja kung'olewa meno!"

"Pamba tu hii, nasugua shavu. Acha kulialia kama ndama."

Fintan naye akakubali kupimwa. "Andaa leso ya kulilia," alimwambia.

Majibu yalipofika kwenye simu, Attracta aliingia baa na kuwasomea wote: Malachy na Fintan wana babu mmoja, wa yapata miaka mia sita iliyopita.

"Sasa nani alikosea kuandika?" akadakia mlevi mmoja.

"Hayasemi," Attracta akajibu. "Labda babu mwenyewe hakujua hata kushika kalamu."

Baa nzima ikaangua kicheko. Fintan alicheka hadi akaegemea kaunta, kisha akainua kichwa akamtazama Attracta.

"Kumbe sisi ndugu," alisema kinyonge.

"Wa miaka mia sita, Fintan! Hata padri hahesabu undugu mpaka huko."

"Una hakika?"

"Nimemuuliza asubuhi."

Neno lilikwisha kumtoka. Attracta akaiva uso kama nyanya, na Fintan akasahau bia aliyokuwa akiimimina, ikafurika hadi viatuni.

Walioana majira ya kuchipua. Ndugu walikuja hadi kutoka Boston, wakajazana mlangoni kanisani wakiulizana upande wa bibi harusi ni upi. Malachy, aliyepewa kazi ya kuwakalisha, alichoka kuwapanga.

"Kaeni popote," akawafokea, "ila kiti cha mbele changu. Shavu lililosuguliwa ni langu!"