Mpira wa Dripu Kwenye Ndege ya Baba Jaspal

Enzi zetu pale Woodley, kurusha ndege ndogo ya rimoti kulihitaji mafuta, spana na mtu mzima wa kukukemea. Watoto wa leo wanachaji betri, wanabonyeza kitufe, halafu wanasema wamechoka.

Jirani yetu Baba Jaspal, mwenye kilemba cha buluu na duka la saa mjini, alikuwa ameunda ndege yenye mabawa mapana kuliko mlango wetu. Injini yake, ndogo kama ngumi, ilikunywa spiriti iliyochanganywa na mafuta ya kastoroli, na harufu yake tamu ilibaki kwenye nguo zetu siku nzima. Kila Jumapili aliirusha uwanjani kule Kinoo. Jaspal, mwanawe na rafiki yangu wa darasani, alikuwa ameahidiwa kwamba akitimiza miaka kumi na mitatu ataishika rimoti peke yake. Aliingoja siku hiyo miaka miwili.

Wiki moja kabla, tukisafisha injini, niliuvuta mpira mwembamba wa kupitisha mafuta, ukachanika. Baba Jaspal alizoea kusema, “Hii injini nataka silikoni tu. Kitu ingine hapana weka.” Mipira ya silikoni ililetwa na jamaa zake kutoka ng'ambo. Tungemwambia, safari ya Kinoo ingekufa.

Mama yangu alikuwa nesi, na nyumbani hatukukosa vipande vya mpira wa dripu vya kupulizia mapovu. Nikakata kimoja, nikakichomeka mahali pa ule uliochanika.

“Itashika kweli?” Jaspal aliuliza.

“Si hii inapeleka dawa kwa mshipa ya mtu? Mafuta itaishinda aje?”

Tukajaza mafuta, injini ikanguruma vizuri, tukayaacha humo wiki nzima.

Jumapili, uwanjani, niliugusa ule mpira kwa siri. Spiriti ilikuwa imeukausha, ukawa mgumu kama kijiti. Baba Jaspal alikuwa tayari anamkabidhi mwanawe rimoti. Nilitaka kusema, nikaona uso wa Jaspal ulivyong'aa, nikanyamaza.

Ndege ilipaa, ikazunguka mara mbili. Kisha mlio wa injini ukawa mwembamba, ukapanda, nami nikajua hewa imeingia mpirani na mafuta hayafiki. Ukakatika. Ndege ikaanguka kwenye mawe.

Baba Jaspal aliinama, akauminya ule mpira, ukavunjika mkononi.

“Nani naweka hii?”

Jaspal hakunitazama. “Ni mimi, Papaji.”

Jaspal hakushika rimoti tena. Mwaka uliofuata walihamia ng'ambo.

Mwanangu huangusha droni yake mara tatu kwa siku, anacheka, anairusha tena. Haina mpira wala mafuta, na hakuna wa kumuungamia. Namwonea wivu, na namhurumia kidogo.

Juzi, baada ya miaka yote hiyo, nilimwandikia Jaspal, “Nisamehe. Ule mpira niliuweka mimi.”

Akajibu, “Papaji alijua siku hiyo hiyo. Ni mama ya nani mwingine alikuwa nesi? Alikuwa anangoja tu useme.”