Nilivyoikwepa serikali kwa kidole cha mama yangu

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenikuta mimi, sijasimuliwa, na aibu yake naibeba mwenyewe.

Nilisoma sosholojia chuo, nikarudi Heru Juu, Kasulu, nikiwa na maneno mengi ya privacy kuliko mihogo shambani.

Ilipokuja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, niligoma. Nikampeleka mama kwa wakala, akaweka kidole chake. Laini yangu, jina lake.

Nikajiona genius. Serikali ikinisaka itamkuta mama anapalilia maharage.

Mwaka jana simu ikaibiwa mnadani Kibondo. Sikuripoti. Niripoti ili wanifuatilie?

Baada ya mwezi mmoja mama akaitwa polisi. Laini yenye jina lake inatuma zile meseji za kitapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii". Mama huyu huyu ambaye meseji zake naandika mimi!

Nikampakia kwenye bodaboda, tukaenda, nikakiri yote.

Mpelelezi akanitazama. "Kwa hiyo msomi, ulikuwa unajificha?"

"Nilikuwa nalinda faragha yangu, afande."

"Nyuma ya mama yako?"

Mama akadakia, "Kwani mwanangu, kidole chako kilikuwa na kidonda?"

Afande alicheka, ila kesi haikucheka. Mama aliambiwa aripoti kituoni kila asubuhi, na anaweza kushtakiwa.

Wakuu, hapo nikaomba kitu ambacho humu nimekipinga miaka yote: "Afande, angalia minara ya simu. Laini ilikuwa wapi, na mama alikuwa wapi?"

Siku ya nne majibu yakaja, afande akayasoma mbele yetu. Tangu wizi hadi siku mama alipoitwa, laini iko Kibondo muda wote. Simu ya mama haijatoka Heru Juu, isipokuwa Alhamisi nne mfululizo, Kabanga, hospitali.

"Uko huru, mama," afande akasema.

Mama hakufurahi. Alinigeukia taratibu. "Ya Kabanga wameyajuaje? Hata baba yako sijamwambia."

Ni presha, wakuu. Alikuwa anaificha ili tusihangaike.

Nilipiga kelele za faragha miaka mitatu, kumbe mwenye siri ya kweli nyumbani ni yeye. Na mimi ndiye niliyeomba ifunuliwe.

Sasa nina laini kwa kidole changu, na Alhamisi nampeleka mwenyewe. Simu ikipotea, ripoti siku hiyo hiyo.

Lakini bado najiuliza: ingewezekana kumsafisha mama bila kumvua nguo? Wanasheria na watu wa IT, njooni. Wa kunicheka pia, kuna nafasi.