Mwanafunzi wa Dirishani

Siku ya kwanza niliposimama mbele ya darasa langu la Kiswahili katika chumba cha kanisa pale Kansanga, Kampala, mwanamume mmoja alifika mlangoni, kofia ya bodaboda ingali kichwani, akachungulia ndani, akageuka na kutimka. Nasema alitimka, hakutembea. Niliacha chaki nikamfuata, maana kwenye semina ya walimu kule Bukoto tulikuwa tumeambiwa kwamba mtu mzima akiondoka siku ya kwanza harudi tena, na mimi sikuwa tayari kupoteza mtu kabla hata ya salamu. Nilimkuta amejibanza nyuma ya ukuta wa kanisa, kando ya pikipiki yake, anahema.

“Nimekukosea nini, kaka?”

“Si wewe, mwarimu. Mama ya bibi yangu iko ndani.”

Mimi ni mtu wa magharibi mwa Kenya, na kwetu pia mkwe ni mkwe, kwa hiyo sikucheka. Lakini Waganda wameshikilia jambo hili kuliko sisi. Mama na mume wa bintiye hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hupinda hata kama ni kuingia kwenye mtaro. Anayeuvunja mwiko, wanasema, hupatwa na obuko: mikono huanza kutetemeka na haiachi tena. Unaweza kuamini au usiamini. Yule mama aliyekuwa ndani aliamini, na alikuwa mpishi.

Yeye alipika katika hoteli moja kwenye barabara ya Ggaba, miaka mingi, ndizi za matooke na mchuzi wa karanga. Kisha hoteli ikapata mwenyewe mpya, Mkongomani, na wateja wakabadilika: watu wa Goma, wa Bukavu, wa Uvira, wanaotaka sombe, yaani kisamvu, na bugali, ugali wao, tena wanaotaka kuongea na anayewapakulia. Mwenye hoteli alisema wazi. Mwisho wa mwezi, mpishi asiyeweza kusikilizana na mteja kwa Kiswahili atafute kazi kwingine. Mama yule alinieleza haya siku hiyo hiyo, kupitia jirani yake aliyemtafsiria, huku amepiga magoti sakafuni kama ilivyo adabu yao. Nilimwomba ainuke. Sipendi mtu mzima anipigie magoti, roho inanisinyaa.

Na yule mkwewe naye alihitaji Kiswahili, kwa kuwa abiria wake ni Wakongomani hao hao. Darasa lingine la bure lilikuwa Kawempe, upande wa pili wa jiji, saa ambazo stendi yake ya Kansanga ndiyo hupata watu. Mmoja kati yao angelazimika kuacha, na kila mtu darasani alijua angekuwa nani. Wanaume huwa hawaachi.

Wazo la dirisha lilitoka kwake, lazima nimpe sifa yake. Dirisha la chumba chetu lilikuwa la nondo tupu, bila kioo. Alisukuma pikipiki hadi chini yake, akakaa juu ya kiti akitazama barabarani, mgongo kwetu, sikio ndani. Mama alihamia kiti cha mbele kabisa, naye akalipa dirisha mgongo, kitambaa kimefunika kichwa. Ukuta ukiwa katikati, hawakuwa chumba kimoja. Darasa zima lilipumua. Mimi nilianza kufundisha nikiwa nimekaa upande, ili sauti yangu iende kote kuwili.

Sikuwa mwalimu mpya wa kila kitu, nilikuwa nimefundisha watoto. Watoto ukiwauliza kama wameelewa, watakuambia hawajaelewa. Mtu mzima atasema ameelewa, hata kama umesema upuuzi. Ilinichukua muda kuacha swali hilo. Nikajifunza kutomwita mtu ubaoni, kutomsifu kwa makofi kama mtoto wa chekechea, kutomuuliza aliyechelewa ametoka wapi, kwa kuwa anaweza kukuambia ametoka kuzika. Nikajifunza kumpa kila mmoja maneno ya kazi yake kwanza: fundi viatu gundi na soli, msusi nywele na kitana, mtu wa bodaboda kona na breki. Waliyapokea kwa uroho ulionifurahisha. Ila mama yule.

Yule mama hakusema. Aliandika, alitikisa kichwa, midomo ilicheza bila sauti. Nikimgeukia, macho yake yaliruka kwenda upande wa dirisha, kisha akafunga mdomo kabisa. Nilijaribu kumpanga na msusi, nikajaribu kumpa picha, nikajaribu kumwacha. Kitu kimoja tu sikuweza kumpa, nacho ni chumba ambacho sikio la mkwewe halimo. Kosa moja mbele yake, na heshima yote ya mama mkwe ingemwagika sakafuni. Kila wiki mpya mwezi ulizidi kuniishia mkononi, na nilianza kulala nikisaga meno.

Juma la mwisho akaja msimamizi wa madarasa yetu.

Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio, na yeye ndiye angesema kama nabaki. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Uganda, mpole, suruali yenye mikunjo iliyonyooka, Kiswahili chake kizuri. Alikaa nyuma kwa dakika chache tu, kisha akainuka.

“Madamu, kwa nini viti viko kwenye mistari? Tulifundishana nini Bukoto?”

“Duara, sebo,” nilijibu, yaani bwana, kwa heshima ya Kiganda.

“Duara. Mtu mzima hafundishwi kwa kutazama kisogo cha mwenzake. Na yule nje ni nani?”

“Ni mwanafunzi.”

“Mwanafunzi wa nje kesho ni mpita njia. Nimeona madarasa yakifa hivyo. Aingie.”

Sikumchukia, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa na haki. Alichosema nilikuwa nimekiandika mwenyewe kwa kalamu nene kwenye karatasi za ukutani. Nilimvuta kando nikamweleza habari ya mama na mkwe, kwa sauti ya chini. Alisikiliza hadi mwisho.

“Obuko? Kampala hii, ndani ya kanisa?” Alitabasamu kwa upole. “Hawa ni watu wa Mungu, Madamu. Usiwarudishe nyuma. Geuzeni viti, mimi namleta.”

Akatoka.

Wanafunzi walinitazama. Fundi viatu alikuwa ameshika mgongo wa kiti chake, hajui akiinue au akiache. Mama alikuwa amekwisha simama. Alikunja kitabu chake cha mazoezi, akakitia kwenye mfuko wa sokoni, akajivuta kitambaa hadi kwenye nyusi. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaondoka kama mtu anayeondoka kwenye maombi yaliyokwisha, na nilijua hatarudi, na mwisho wa mwezi ungemkuta mkononi hana hata sentensi moja. Alianza kwenda mlangoni.

Na mlangoni, kwa nje, nilisikia viatu vya msimamizi na sauti yake ikisema, “Njoo, njoo, usiogope,” na viatu vingine vikiburutwa nyuma yake. Mtu wa bodaboda hakuweza kumkatalia mtu wa suruali ile. Hatua chache zaidi na wangekutana uso kwa uso kwenye kizingiti, mama na mkwewe, macho kwa macho, mbele ya watu wote.

Nilikimbia. Nilimpita mama, nikausukuma mlango, nikasukuma komeo. Komeo lilikataa mara ya kwanza. Mara ya pili likaingia.

“Madamu?” Msimamizi aligonga. “Madamu, mlango umejifunga.”

“Nimeufunga mimi, sebo.”

Baa ya jirani ilikuwa ikicheza muziki wake wa jioni, na hakuna aliyeusikia.

“Mimi niko nje, Madamu.”

“Dirisha liko wazi, sebo. Tafadhali nenda dirishani, utaona darasa.”

Hapo ndipo nilipoiaga kazi yangu. Nilihesabu moyoni kwamba nitarudi Kenya na basi la asubuhi, na mamangu atauliza kulikoni. Nilirudi mbele nikasema kwa sauti ambayo haikuwa yangu kwamba somo ni lile lile, mteja na mwenye chakula, nani ataanza. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na mfuko wake, mgongo kwa dirisha, mlango umefungwa mbele yake.

Kisha sauti ikatoka dirishani. Haikuwa ya msimamizi.

“Mwarimu, mimi nimefika hoteri. Mimi iko na njaa. Uniurizie mwenye chakura, sombe iko?”

Nilielewa alichofanya kabla sijaelewa nifanye nini. Hakumsemesha. Alinisemesha mimi, kama mama na mkwe wa Kiganda wanavyofanya wakiwa na jambo lisiloweza kusubiri, mtu wa tatu akawa daraja. Nikamgeukia mama.

“Mteja anauliza kama sombe iko.”

Alitazama ubao. Midomo ikacheza. Nilijikataza kumsaidia, nikajing'ata ulimi kabisa.

“Sombe iko,” aliuambia ubao. “Na bugari iko. Na samaki.”

Msusi alishika mdomo kwa mikono miwili.

“Mwarimu,” sauti ya dirishani ikasema, sasa na kicheko kidogo ndani yake, “mwambie mwenye chakura, mimi nakura hapa kwa sababu bibi yangu hapana jua pika sombe.”

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe. Mama hakuningoja.

“Hiyo bibi yako,” alisema, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mtaro kwa kukanyaga mawe, “mama yake hapana fundisha yeye?”

Darasa lililipuka. Fundi viatu alipiga kiti kofi. Hata nje nilisikia mtu akicheka, na hakuwa mwenye pikipiki. Mama hakucheka. Aliweka mfuko chini.

“Mwambie mteja akae,” alisema. “Chakula inakuja. Na bibi yake aje kwangu siku ya Jumamosi. Mimi nitafundisha.”

“Asante, mama,” dirisha likasema.

Katika Kiganda wasingeweza. Nilifikiri hivyo nikiwa nimeegemea ubao, chaki imenivunjikia mkononi. Kiswahili hakikuwa cha mmoja wao, hakikuwa na mama mkwe ndani yake, kilikuwa na mteja na mwenye chakula tu.

Nitasema mambo yote mapema ili msomaji asiteseke. Hoteli ilimbakiza. Mimi nilipewa onyo kali kwa kumfungia mkubwa nje, kisha nikapewa darasa la pili, na msimamizi alipotutembelea tena alikwenda moja kwa moja dirishani bila kuambiwa. Viti viliendelea kukaa kwenye mistari.

Lakini jioni ile, wenzake walipokwisha kutoka na pikipiki imekwisha kuunguruma na kwenda, mama alibaki. Nilikuwa na wasiwasi mpya. Nilidhani nimemponza, kwamba usiku huo angelala akiangalia vidole vyake na kunilaani. Nilimwambia kwa maneno mepesi niliyoyapata kwamba naomba radhi kama nimemvunjia mwiko, kwa kuwa nilisikia amemjibu mkwewe mwenyewe, bila kupitia kwangu.

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wasioelewa. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wangu, viganja chini, vidole vimetanuliwa, vina harufu ya vitunguu. Akaishikilia hapo hadi nilipohakikisha. Ilitulia tuli.

“Mkwe gani, mwarimu?” alisema. “Mimi nilisema na mteja.”