Samadi Iliyotibu Magoti ya Temeke

Miaka ile ya Mwingereza, vita vikiwa vimekwisha, mume wangu alipata ukarani bandarini, tukatoka Bukoba kuja kupanga nyumba ya udongo huko Temeke. Temeke yenyewe ilikuwa bado mikorosho na mchanga. Nilikuwa nimekuja na machipukizi ya migomba, nimeyabeba melini na kwenye gari moshi kama watoto, lakini nilipoyapanda yakasimama tu, kama wageni waliofika kwenye msiba wasiomjua marehemu.

Kwetu mgomba haupandwi bila kulishwa. Basi nikaanza kurundika mbolea uani: mavi ya ng'ombe wa Mwarabu muuza maziwa, majani makavu, maganda ya muhogo, majivu na maji kidogo. Nikafunika kwa nyasi.

Asubuhi moja ya kipupwe akaja jirani yetu, bibi wa Kizaramo aliyetembea kwa mkongojo kwa ajili ya magoti.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mavi yako yanafuka moshi?"

"Ni mvuke tu, bibi. Yanaiva. Shika hapa uone."

Akashika. Kisha akaomba gunia, akalitandika juu ya lundo, akakaa. Nikadhani anapumzika. Nilikwenda kisimani, nikarudi, nikapika, bibi yupo vilevile, kafumba macho. Jua lilipokuwa kali akainuka, akakunja goti hili, akakunja na lile, akaondoka na mkongojo begani.

Kesho yake alikuja na wifi yake aliyeumwa mgongo. Kisha akaja mzee mmoja aliyepata kuwa askari, mguu wake ukimsumbua tangu vitani. Wakaongezeka, mpaka ikabidi waligawe lundo kwa ukuta wa makuti, wanawake upande wa jikoni na wanaume upande wa njia. Mume wangu akirudi kazini, kwa kuwa wote walikuwa wakubwa kwake, ilimlazimu aamkie lundo zima ndipo aingie kwake.

"Hivi," aliniuliza ndani kwa sauti ya chini, "nikitaka kwenda chooni niwaombe ruhusa?"

Mie shida yangu ilikuwa migomba. Mvua za vuli zilipokaribia nikachukua jembe na karai.

"Karai la nini?" bibi akauliza, wala hakuinuka.

"Mbolea imeiva, bibi. Hiki ni chakula cha migomba."

"Kwani migomba ina magoti?"

Wote wakanitazama kama nimekuja kumnyang'anya mgonjwa kitanda. Nikarudisha jembe.

Lundo lenyewe ndilo lililoniokoa. Mbolea ikishaiva hupoa, na siku moja wazee walikaa, wakangoja, wakahisi ubaridi. Mzee askari akasema nimeiondoa dawa kwa makusudi, nimetumwa na mume wangu. Nikaapa. Nikawaeleza kuwa joto linataka mavi mabichi na majani mapya.

"Kumbe kazi yenyewe hiyo tu," akasema bibi.

Asubuhi iliyofuata ua ulijaa. Walileta samadi ya mbuzi kwa vikapu, nyasi kwa mizigo, mavi ya kuku yaliyofungwa kwenye khanga nzuri. Mmoja alikuja na ng'ombe mwenyewe, akamsimamisha, tukangoja. Mzee askari akasimamia urundikaji wa lundo jipya kwa amri za gwaride. Lile la zamani nikaruhusiwa kulipeleka kwenye migomba, na tangu hapo kila lundo lililopoa likawa langu.

Migomba ikanenepa mpaka ikaonekana barabarani. Ndiyo iliyomvuta bwana shamba wa serikali. Aliegemeza baiskeli yake, akaniuliza nimewezaje kuwafanya watu wa Temeke warundike mbolea, maana yeye amewahutubia mikutanoni wakaishia kuitikia kwa vichwa.

Bibi akasogea, akapigapiga gunia ubavuni pake.

"Mwanangu, umetoka mbali na baiskeli. Kaa kwanza."

Bwana shamba akaitazama kaptula yake ya kaki, imepigwa pasi kwa wanga. Akakaa. Nilimletea chai, ikapoa mkononi mwake, na maswali hakuuliza tena.