Nyumba ya Jina la Dhapu

Katika mji wa Kota, ambako kila mtaa umejaa mabweni ya wanafunzi wanaosaka udaktari na uhandisi, Dhapu Bai alikuwa na nyumba ya ghorofa yenye jina lake kwenye jiwe la langoni. Jina lilikuwa lake. Pango lilikuwa la mdogo wake.

Dhapu alipofiwa na mume, mdogo wake huyo, Ghanshyam, alimjia na ulimi wa asali. "Dada, uza bangili zako tulipe kianzio cha mkopo. Nyumba tuiandikishe kwa jina lako. Mwanamke hutozwa ushuru mdogo wa hati, na benki humpunguzia riba. Nikiandika jina langu, kodi ya mapato itanikamua mpaka uti wa mgongo."

"Mie sijui kusoma, Ghanshyam."

"Kwani nani kakwambia usome? Dole gumba si unalo!"

Wakacheka. Ghanshyam huyu, Dhapu ndiye aliyemlea mgongoni mama yao akiwa shambani. Angemshuku kwa lipi? Akauza bangili, akatia dole. Akawapikia wanafunzi dengu na chapati, akalala na bintiye chumba cha chini ya ngazi. Ghanshyam alikusanya pango, akalipa benki, na kilichobaki akakitia mfukoni. Dhapu aliishi kwa pensheni ya wajane, na hakunung'unika.

Mpaka pensheni ilipokatwa.

"Mama," karani alimwambia dirishani, "mjane gani mwenye bweni? Pango lote limetangazwa kuwa kipato chako. Waachie maskini."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Tajiri kaja na ndala zilizokatika!"

Alirudi kwa miguu, uso ukimwaka. Kumbe serikalini alikuwa mwenye nyumba, na nyumbani alikuwa mpishi. Ghanshyam alipoambiwa alisonya tu. "Kwa visenti hivyo unanitia aibu, dada?"

Ikafika sikukuu ya dada kumfunga kaka uzi mkononi. Ghanshyam alikuja na mkewe, Manju, wamebeba peremende na hati ya wakili. Dhapu akamfunga uzi, akamlisha tamu kwa mkono wake.

"Kila mwaka mimi ndiye nakupa zawadi," Ghanshyam akasema. "Leo nipe wewe. Tia dole hapa, nyumba irudi kwangu."

Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kwao dada mwema humwachia kaka yake urithi, na kijiji kizima humsifu. Dhapu naye alikwisha kuyaacha mashamba ya baba yao. Ndiyo maana Ghanshyam hakuwahi kujiwekea hata shahidi kwamba nyumba ni yake: nani aliwahi kusikia dada akikataa?

"Mashamba ya baba nilikuachia," Dhapu akasema. "Nyumba hii ni bangili zangu."

"Dada, usinichekeshe."

"Sikuchekeshi. Uliniita mwenye nyumba mbele ya serikali. Basi ndiye mimi."

Manju akadakia, "Wifi, bintiyo anaolewa kipupwe hiki. Nani atamletea nguo za mjomba? Jiwe la langoni?"

Maneno yale yalimchoma kuliko kicheko cha foleni. Bibi harusi asiyeletewa nguo na mjomba husemwa mpaka uzeeni. Dhapu akakunja dole gumba ndani ya ngumi. Ghanshyam akaukata uzi kwa meno, akautupa juu ya peremende, akatoka.

Tangu hapo Dhapu alipokea pango mwenyewe, akailipa benki kabla ya kununua unga. Vilivyobaki vilikuwa haba, lakini vyake.

Siku ya harusi, saa ya mjomba kuingia na ngoma ilipofika, alisimama kizingitini na sinia ya taa na unga mwekundu wa kumpaka kipajini. Wageni wakaitazama njia, kisha wakatazamana.

"Ingia ndani, Dhapu," jirani akamnong'oneza. "Hawaji."

"Najua hawaji," Dhapu akajibu. "Nimesimama ili watu wote waone ni nani hakuja."