Ngolo za Bibi

Kila nikikoroga gundi ya unga wa muhogo, harufu yake ya uji uliopoa hunirudisha mezani kwa shangazi. Kitabu cha nyimbo cha bibi kilikuwa kimepoteza jalada, naye alikitaka kanisani Jumapili. Shangazi alichanganya gundi na bluu ya kufulia, akaipaka karatasi ya jalada jipya, akanipa kitana nichore mistari kabla haijakauka. Nilitaka inyooke kabisa. Ikapinda. Nikaikatiza kwa mingine ili kuificha, ikazidi kuharibika, nikalia.

"Utailowesha," shangazi alisema. "Mwache bibi yako aamue."

Ilipokauka, bibi, ambaye miguu ilikuwa imemzuia kupanda mlima kwenda shambani tangu masika, aliisogeza dirishani.

"Nani kanichorea ngolo zangu?" aliuliza, akimaanisha vile vishimo vya shamba la mlimani na matuta yanayovizunguka. Akapitisha kidole juu ya miraba. "Hapa maharage. Hapa mahindi. Huyu analima kuliko wewe, shangazi mtu."

Jumapili alikibeba kitabu chake kifuani, jalada likiwatazama watu.

Mimi bado naogopa kukosea. Asubuhi hii nimetupa karatasi kadhaa kwa sababu ya mstari mmoja mmoja. Hii ya mwisho nayo mistari yake imepinda. Nimeianika dirishani.