Laza Chini

Jina lake lilikuwa limemezwa na kazi yake, hata mumewe alimwita Fundi. Chumba chake cha kushonea kilitosha cherehani mbili, meza ya kukatia na pasi ya mkaa, na dirisha lake lilitazama kilima. Dirisha hilo ndilo lililochelewesha nguo za watu. Tangu mvua zikatike, alishona kidogo, akainua kichwa kutazama majani yanavyogeuka rangi chini ya msitu wa chemchemi.

Maji ya mtaa mzima yalitoka humo. Mama mkwe wake, aliyempokea akiwa bibi harusi asiyejua hata kukoka jiko bila kukohoa, ndiye aliyemfundisha kuuchoma ule mteremko majani yakiwa bado na unyevu. Unaanzia juu, kwenye ukingo wa miti, ili moto ushuke ukipingana na upepo. Moto wa namna hiyo huenda umeinama, kama mtu anayetafuta sindano. Mama mkwe aliita huko kuulaza moto. Kuwasha, alisema, ni neno la jikoni. Mteremko usipolazwa mapema, kiangazi kikikomaa cheche ya mpita njia hupanda hadi mitini, na chemchemi hubaki jina.

Kisha ikaja marufuku ya kuchoma, na mama mkwe akafa ikiwa bado ipo. Mwaka huu idara ya misitu ilikubali jaribio moja. Ofisa misitu, mwanamke wa maneno machache, hakuzunguka: moto ukiingia msituni, marufuku inarudi. Alichohofia zaidi, alisema, ni amri isiyoeleweka kwa wote.

Asubuhi ya kazi, akina mama bombani walimchokoza. “Fundi, leo unaunguza kilima au gauni langu?”

“Lako lilishaungua, mama. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia.”

Juu aliwaweka wifi yake na majirani wenye vienge vya majani makavu na matawi mabichi ya kuzimia. Chini, njiani, alimweka shemeji yake, dereva wa lori aliyestaafu. Kazi yake ilikuwa kungoja na kienge hadi aitwe aulaze moto wa chini, ukanda uliochomwa juu ukishapanuka.

“Mimi nimeendesha tangi la mafuta, shemeji. Moto wa majani utanitisha?”

“Moto hauna shemeji. Subiri sauti yangu.”

Ukanda mweusi ulikuwa umeanza kupanuka chini ya miti pale vitambaa alivyofunga kwenye fito vilipoacha kuning'inia, vikanyooka kuelekea mlimani. Upepo ulikuwa umepata nguvu. Fundi akaona heri kusimamisha kazi. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti wote waweke vienge:

“Laza chini! Laza chini!”

Waliokuwa juu wakaweka vienge ardhini. Shemeji, aliyekuwa chini, akasikia alichokuwa akikingojea. Akainama, akaulaza moto kule kule chini.

Haukulala. Upepo uliushika mgongoni, ukasimama, ukaanza kupanda mteremko kwa mlio wa shuka linalochanwa. Fundi aliutazama ukanda wake. Katikati ulitosha. Mwisho wa kushoto, chini ya miti mikubwa kabisa, haukuzidi upana wa meza yake ya kukatia.

Alikimbilia huko, wifi nyuma yake, akakwapua kienge kilichokuwa bado kinafuka.

“Washa,” akasema.

“Unaongeza tena?”

“Washa, wifi. Hapa, ukingo wa chini. Ushuke uupokee.”

Wakawasha bega kwa bega, moshi ukiwakaba, majirani wakipiga kwa matawi kila ulimi uliogeukia miti. Moto wao mdogo ulishuka kwa kusitasita. Ule mkubwa ulikuwa unakuja bila kusita. Ulipokaribia, ule mdogo ukavutwa kuuelekea, ukakimbia, mioto ikakutana, ukuta mmoja ukainuka juu kuliko vichwa vyao, Fundi akahisi nyusi zake zinajikunja. Kisha ukakosa cha kula, ukaporomoka.

Walikagua miti mmoja mmoja kwa viganja. Majani ya ukingoni yalikuwa yamebabuka, lakini hakuna gome lililoshika moto.

Shemeji alipanda taratibu, kofia mkononi. Ofisa alikuwa ameshafika kutoka ng'ambo ya bonde.

“Nani aliwasha chini kabla ya wakati?”

Shemeji alifungua mdomo. Wifi akamtazama Fundi kwa jicho la kusema mwache abebe mwenyewe; mtu mmoja mkaidi asingeiua kazi nzima. Fundi alilijua hilo. Alijua pia kwamba amri yenye maana mbili ndiyo hasa iliyomtia hofu ofisa tangu mwanzo.

“Alifanya nilivyomwambia,” akasema. “Nilisema laza chini. Mimi nilimaanisha waweke vienge. Yeye yuko chini, ana kienge, angeelewa nini?”

Ofisa alitembea peke yake hadi mwisho wa kushoto, akasimama pale majivu yalipogusana na mizizi. Aliinama, akaipapasa mizizi. Aliporudi, alielekeza kidole upande wa pili wa mteremko, ambao majani yake yalikuwa bado yamesimama.

“Ule hauchomwi.”

“Leo,” Fundi akauliza, “au moja kwa moja?”

Ofisa alitazama vitambaa kwenye fito, vilivyonyooka bado.

“Leo,” akasema.